Magari sita, watu 17 na mama mzazi: twende wapi kuona majani ya aspen bila kuaibika tena?

Mnyamwezi_Aurora
Septemba 7, saa 4:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Niko zamu ghalani hapa Aurora, Colorado. Mkanda wa maboksi umegoma na fundi hajafika, kwa hiyo nina kama dakika ishirini za kutua mzigo ninaoubeba tangu Julai.

Kundi letu huenda milimani kila mwaka kupiga kambi na kuona miti ya aspen inavyogeuka dhahabu. Nimesema kila mwaka, ila ukweli ni mara moja tu, mwaka jana, na mpangaji nilikuwa mimi. Nilichagua wikiendi ya pili ya Oktoba kwa sababu ndiyo niliyopewa ruhusa kazini. Tukafika Kebler Pass, ile njia ya changarawe kati ya Crested Butte na Paonia, tukakuta miti iko uchi, myeupe, imejipanga kama vijiti vya mishikaki. Majani yote yalikuwa chini, ya kahawia, yameloa. Shemeji yangu alibeba kamera kubwa ya kuazima, akarudi na picha moja. Ya chupa ya chai.

Usiku huo CR-V ya jamaa yetu mmoja ikazama kwenye tope pembeni ya kambi. Tulifunga kamba kwenye bampa, 4Runner ikavuta, bampa likaja, gari likabaki. Mimi na mwenye gari bado tunasalimiana, ila kwa kutikisa kichwa tu.

Mwaka huu wamenikabidhi tena, sijui ni imani au ni adhabu. Magari ni sita: 4Runner, Wrangler, Tacoma, Subaru Outback, hiyo CR-V (bampa jipya) na Sienna yangu, ambayo ndiyo hubeba vyakula, watoto na kelele. Watu 17, watano ni watoto.

Na safari hii yupo Mama. Mama yangu mzazi, miaka 68, ametoka Urambo, Tabora, alifika mapema Agosti kumwona mjukuu. Anameza dawa za presha kila asubuhi. Nilipomwambia tutaendesha saa tano na zaidi kwenda kutazama majani, aliweka kikombe chini.

"Yana nini?"

Nikamwambia yanakuwa ya njano, halafu yanadondoka.

"Mimi majani ya njano nimeyachoka," akasema, akaendelea na chai yake. Wasiojua Urambo niwaambie: ni nchi ya tumbaku. Mama amekausha tumbaku kwenye bani, lile banda la kukaushia kwa moto, zaidi ya miaka thelathini. Kumwalika kuona majani ya njano ni sawa na kumwalika mvuvi wa Kigoma aje kuona dagaa.

Sasa naomba msaada wa wazoefu. Kwanza tarehe, maana sitaki tena kusimama mbele ya vijiti. Pili, mahali ambapo Sienna itafika lakini wenye Wrangler na Tacoma hawatanuna, kwa sababu hao wawili wanataka mawe, mito na sehemu za kutumia gea ndogo, la sivyo wanasema bora wangebaki mjini. Na tatu ni Mama. Huko ni juu sana, na mimi sina ujasiri wa kumlaza kwenye hema mzazi wa watu sita bila kuuliza mtu anayejua.

Nawasilisha. Fundi kafika.

---

kisiki_kikavu
Septemba 7, saa 5:15 usiku

Mkuu nimecheka bampa. Halafu kuna wanaoyaita haya "majani ya vuli". Vuli ni mvua! Mimi nikisikia vuli naanza kutafuta mwamvuli na kuwaza mafuriko ya Jangwani, siyo majani ya kupigia picha. Sema majira ya kupukutika, watu waelewe.

Ushauri wa safari sina. Mimi niko Dar, nasoma tu.

---

Fundi_wa_Nakuru
Septemba 8, saa 12:30 asubuhi

Mnyamwezi, pole kwa bampa. Mimi ni mekanika hapa Grand Junction mwaka wa kumi na moja sasa, na nusu ya magari ninayotengeneza mwezi wa kumi yametoka huko juu, kwa hivyo nisikize.

Tarehe. Majani ya aspen hayajui ruhusa yako ya kazi. Kinachoyaamsha ni usiku kurefuka: mti unaacha kutengeneza klorofili, ule ukijani unaisha, na njano iliyokuwa chini yake inaonekana. Kaskazini mwa jimbo huanza katikati ya Septemba, kusini kwa milima ya San Juan ni wiki ya mwisho ya Septemba, wakati mwingine mpaka siku za kwanza za Oktoba. Miti ya juu hutangulia ya bondeni. Msitu mmoja unakaa na rangi yake nzuri kama wiki hivi, na upepo mkali wa usiku mmoja unaweza kumaliza yote. Ulikuja wiki mbili baada ya sherehe.

Chukua Alhamisi 25 mpaka Jumapili 28. Alhamisi, si Ijumaa. Ijumaa jioni Denver yote huwa barabarani.

Mahali. Kebler ni pazuri, sibishani, huo ni kati ya misitu mikubwa ya aspen Colorado. Lakini kila mtu anajua hivyo. Na upande wa Crested Butte siku hizi hupigi kambi popote unapotaka, ni sehemu zilizowekwa alama peke yake, na kundi la magari sita halitoshei hapo. Mtazunguka usiku na watoto wakilia.

Nendeni Owl Creek Pass. Kutoka Gunnison fuata barabara ya 50 kuelekea Montrose, kabla tu ya kufika Cimarron ukate kushoto uingie bonde la mto Cimarron, uende mpaka bwawa la Silver Jack. Ni changarawe tu, ikiwa kavu Sienna inapita ukiendesha kama umebeba mayai. Hapo uko futi 8,900 hivi, yaani mita 2,700. Msitu wa aspen umezunguka bonde lote, na juu yake kuna miamba imesimama kama meno. Juu zaidi ni Owl Creek Pass yenyewe, futi 10,114, halafu barabara inashuka upande wa pili mpaka Ridgway, ukipita chini ya Chimney Rock na Courthouse Mountain. Huo ni msitu wa taifa wa Uncompahgre. Nje ya kambi za kulipia unaweza kulala bure mpaka siku 14 mahali palipokwishatumika, pale unapoona duara la mawe la moto. Msifungue mahali papya, na msiegeshe juu ya nyasi ndefu kwa sababu egzosi ya moto imeshachoma misitu.

Wale wawili wa mawe wapeleke barabara ya West Fork, inatoka karibu na hiyo Owl Creek Pass. Ni fupi, ina mashimo na inavuka kijito. Watarudi mchana wakiwa na tope mpaka kwenye paa na watafurahi.

Sasa magari, maana hapa ndipo watu hunipa pesa bure. Punguzeni upepo kwenye tairi mkifika changarawe. Kama tairi zina upepo wa PSI 35, shuka mpaka 26 hivi. Wrangler na Tacoma kwenye mawe wanaweza kufika 20. Tairi laini inakumbatia jiwe, tairi ngumu inalipiga jiwe na jiwe linajibu. Mbebe pampu ya kuchomeka kwenye gari ya kurudishia upepo kabla ya lami. Kushuka mlima tumia gea, usikanyage breki mpaka inuke. Mkikutana mahali pembamba, anayepanda ndiye wa kupishwa.

Na kamba. Kamba haifungwi kwenye bampa, bampa ni plastiki ya kupendezesha uso. Angalia kitabu cha gari: mbele kuna tundu lenye kifuniko kidogo, unaskrubu pete ya chuma iliyo kwenye mfuko wa jeki. Na usiwahi kufunga kamba kwenye ile goroli ya kuvutia trela. Ikikatika inaruka kama risasi, imeua watu.

Mitungi midogo ya butane ya jiko achana nayo, baridi ikikaribia sifuri gesi hiyo haitoki. Beba propani.

---

Dada_wa_Kisauni
Septemba 8, saa 2:05 usiku

Assalamu alaykum na habari zenu. Kaka Mnyamwezi, nifikishie shikamoo yangu kwa Mama. Mimi ni muuguzi hapa Colorado Springs, nitasema la Mama na la chungu, la magari simo.

Kwanza afadhali kidogo: Mama yuko Aurora tangu Agosti, na Aurora ni zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo mwili wake umeshaanza kuzoea. Angetoka ndege leo akalale Silver Jack kesho, ningekukatalia hapa hapa. Lakini mita 2,700 ndipo watu wengi huanza kuumwa kichwa, na njiani mtapita Monarch Pass, futi 11,312. Msisimame pale kupiga picha nusu saa huku Mama amefunga koti. Piteni.

Mpeleke kwa daktari wake kabla ya safari, umwambie wazi: mita ngapi, siku ngapi, na dawa gani anameza. Hilo si la kuuliza mtandaoni, hata mimi usiniulize. Ikiwezekana usiku wa kwanza mlale chini, Gunnison au Montrose. Montrose ni chini zaidi, na ni vizuri. Mpe maji kidogo kidogo, kwani wazee hawasikii kiu, na hewa ya juu inakausha. Akiumwa kichwa akatapika, au akawa anahema akiwa amekaa tu, hakuna cha kusubiri asubuhi. Mshushe usiku ule ule. Kwa hiyo gari moja liegeshwe likiangalia barabara, tangi limejaa, na dereva wake awe hajanywa kitu.

La chungu. Maharage msithubutu kuyapikia huko! Maji ya huko yanachemka kwenye nyuzi kama 91, na maharage hayajali kwamba umepuliza moto. Nilishayachemsha kwa muda wa saa nne mwaka wangu wa kwanza, nikala mawe yenye chumvi. Pika nyumbani, gandisha kwenye mifuko, yabebe kama barafu ya kupoza nyama, mkifika mnapasha. Wali unataka maji zaidi na kifuniko kizito. Ugali hauna shida.

Na usiku vyakula vyote ndani ya gari, milango ifungwe kwa funguo, si kurudishwa tu. Dubu wa huku msimu huu wanakula kujaza mafuta kabla ya kulala, wanaweza kufikisha kalori 20,000 kwa siku, na wamejifunza kufungua milango ya magari. Mswaki na dawa ya meno pia ni chakula kwao. Mafuta ya nazi ya kujipaka pia, dada zangu.

---

Mnyamwezi_Aurora
Septemba 9, saa 9:20 usiku

Fundi, Dada, Mungu awabariki. Nimechapisha majibu yenu nimeyabandika kwenye friji. Mke wangu ameongeza kwa kalamu nyekundu chini ya neno "bampa".

Swali moja tu. Mwenye Wrangler anasema kwa kuwa tutakuwa karibu na Ouray, Jumamosi twende wote Alpine Loop, ile njia ya mzunguko ya juu milimani, tupande Engineer Pass, tushukie Cinnamon Pass. Ameona video. Anasema "ni barabara ya umma".

---

Fundi_wa_Nakuru
Septemba 9, saa 1:10 asubuhi

Ni ya umma, ndiyo. Hata bahari ni ya umma.

Alpine Loop ni maili 65 na Engineer iko karibu futi 12,800. Ukiingilia upande wa Ouray, kile kipande cha mwanzo kina ngazi za mawe, upana wa gari moja, na upande mmoja ni hewa. Sienna hapana. CR-V hapana. Outback nimeshaivuta kutoka huko na sump (bakuli la oili) imepasuka, mwenyewe alilia. Halafu fikiria: aspen haioti huko juu. Ukipita futi 11,500 hivi hakuna mti wowote, ni mawe na nyasi. Mtakuwa mmeendesha siku nzima kuyakimbia majani mliyoyafuata.

Kama lazima watembee, waende Last Dollar Road, kutoka Dallas Divide mpaka upande wa Telluride. Majani kila kona na mlima Sneffels nyuma yako. Lakini ikinyesha hata dakika kumi, wasahau. Udongo wa pale ukiloa ni sabuni.

---

Mtoto_wa_Goma
Septemba 10, saa 3:00 usiku

Bandugu, jambo. Mimi niko Utah, si mbali na msitu wa taifa wa Fishlake. Huku kuna aspen moja inaitwa Pando. Nasema moja: ukitazama unaona msitu wa hektari 43, mashina kama 47,000, lakini chini ni mzizi mmoja, mti mmoja. Ndiyo maana mtaona mlimani kipande kizima kimekuwa njano na kipande cha pembeni bado kijani, na mpaka wake kama umekatwa na kisu. Ni miti miwili tofauti, kila mmoja na saa yake.

Mvae kitu cha rangi ya chungwa, hata watoto. Septemba wawindaji wa mishale na wa bunduki za kushindilia wako porini. Aksanti.

---

Mnyamwezi_Aurora
Septemba 30, saa 5:10 usiku

Wakuu, tumerudi. Wote 17, mabampa yote sita.

Daktari alimruhusu Mama kwa masharti, mengi ni yale yale ya Dada wa Kisauni, nikajiona msomi. Alhamisi tulilala Montrose, kwenye moteli iliyo nyuma ya duka la matairi. Mama aliamka bila kuumwa kichwa, akala mayai ya moteli akalalamikia chumvi. Nikajua yuko sawa.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikuwa tunaingia bonde la Cimarron. Tukasimama mwanzo wa changarawe kupunguza upepo. Mwenye CR-V alitoa ile pete ya chuma, akaifunga mbele ya gari kabla hata hatujaanza, akanitazama. Sikusema kitu. Tulikuwa na redio ndogo za mkononi zisizohitaji leseni, maana simu zilikufa mapema, na mimi wa Sienna ndiye niliyekuwa mbele. Hilo lilikuwa wazo la mke wangu: dhaifu atangulie, akishindwa yeye, tumesimama wote. Kweli, hakuna aliyekimbia. Wrangler alihema nyuma yangu maili ishirini kama ng'ombe anayechelewa mtoni.

Mwanzoni bonde lilikuwa kijani tu, na moyo ukaanza kunienda mbio. Nikasema, safari hii nimewahi mno. Halafu kona moja, sijui ya ngapi, mlima wote wa kulia ukawa umewaka. Mtoto wa Goma alikuwa sahihi, mpaka ulikuwa kama wa kisu: kijani hapa, njano pale, na katikati ya njano kipande kimoja chekundu kama kutu. Nikafunga breki. Kwenye redio kila mtu akawa anasema kitu, nisirudie.

Tuliegesha, tukashuka. Upepo ulikuwa mdogo lakini majani yote yalikuwa yanatetemeka. Shemeji alichukua jani akatuonyesha kikonyo chake, ni bapa kama utepe, ndiyo maana halitulii. Sauti yake ni ya mvua ya mbali kwenye mabati. Kila mmoja alinyamaza muda wake.

Mama hakutazama mlima. Aliinama, akaokota majani kama kumi hivi, akayapanga kwenye kiganja kama karata. Akaanza kuyachagua. "Hili la kwanza. Hili la pili. Hili lina doa, la tatu. Hili wameliwahi, bado kijani kwenye mshipa." Anayapanga madaraja! Wale wa Urambo mnajua: miaka yote hiyo ya kukaa sakafuni na mafungu ya tumbaku, sokoni wakimpunja daraja. Akalinyanyua moja juani, safi, bila doa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Rangi hii mimi nilikuwa naitafuta siku saba kwenye bani, na kuni mkokoteni mzima. Hawa wanaipata bure?"

Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kwetu Tabora, miombo hugeuka myekundu Septemba hii hii, kabla ya mvua, ukiwa juu ya kilima unaona msitu kama umemwagiwa kutu. Lakini yale ni majani machanga, ndiyo yanazaliwa. Nimekulia pale na sikuwahi kuwaza kwamba tulikuwa na msitu wa kwenda kuutazama. Tulikuwa tunapita tukienda kuchoma mkaa au kurina asali.

Kambi tuliweka kwenye uwazi wenye mawe ya moto ya zamani, chini kidogo ya bwawa. Hakukuwa na marufuku ya moto wikiendi ile, nilihakikisha ofisi ya misitu kabla ya kutoka mjini. Ugali ulikubali. Maharage tulipasha. Wali niliupika mimi, bila kuzingatia ushauri, na uliliwa na heshima tu.

Sasa usiku. Nilikuwa nimempangia Mama alale kwenye Sienna, viti vimelazwa, magodoro mawili, blanketi tatu. Alikataa kuingia. Baridi ilishuka mpaka maji ya watoto yakaanza kuwa na ukoko wa barafu, vijana wote wakakimbilia mahema yao, na jiko la mwenye Tacoma, la butane, lilizimika kama Fundi alivyosema (hakusoma friji). Mama alibaki motoni. Nilipotoka saa nane usiku nilimkuta amejifunga kanga juu ya jaketi, kigogo kimoja kirefu akikisogeza kidogo kidogo, moto mdogo, hauruki, hautoi moshi. Nikamwambia akalale. Akasema, "Bani halilali. Ukilala moto ukaruka, umechoma mwaka mzima." Akanionyesha jinsi ya kusogeza kigogo kwa mguu. Miaka 44 nimeishi, ndiyo mara ya kwanza kunifundisha hilo, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kusomeshwa, nikawekwa mbali na bani.

Dada, usinigombeze. Tulipokezana, alilala saa tisa. Hakuumwa kichwa. Aliyeumwa kichwa ni shemeji, miaka 31, mchezaji wa mpira. Tulimshusha Montrose Jumamosi asubuhi kwa gari lililoangalia barabara, mchana kichwa kikapoa, akarudi na soda.

Jumamosi Wrangler na Tacoma wakaenda West Fork. Walirudi saa nane mchana na tope mpaka kwenye paa, kama ilivyotabiriwa, wakaongea peke yao mpaka jioni. Sisi wengine tulipanda taratibu hadi Owl Creek Pass. Pale juu miti mingi ilikuwa imeshapukutika, na chini bado haijafika. Uzuri wote ulikuwa umekaa katikati, kama mkanda kiunoni. Watoto walijifukia kwenye majani. Alipita mwindaji mmoja na upinde, akatusalimia, akatuuliza tunapika nini.

Mvua ilikuja Jumapili alfajiri, nyembamba, ikawa chembechembe za barafu. Tulifungasha mbio. CR-V iliteleza mahali pamoja, gurudumu la nyuma likaingia kwenye mtaro. Kimya. Mwenye gari akashuka, akatoa kamba yake mwenyewe, akaifunga kwenye ile pete, akampa Tacoma ncha ya pili. Gari likatoka kama jino la mtoto. Alinijia akanipa mkono, mkono kamili, si kichwa.

Moto aliuzima Mama. Ndoo tatu za maji kutoka mtoni, akakoroga majivu na fimbo, akaweka kiganja chini kuona kama kuna joto, akamwaga ya nne.

Amebeba majani manne ya daraja la kwanza ndani ya Biblia. Nimemwambia uwanja wa ndege wanaweza kuyakamata. Amesema wakiyakamata atawauliza bei ya msimu huu.

Kuna kitu kimoja. Mwiko wake ulisahaulika kwenye ile mbio ya mvua, juu ya kisiki, kama hatua thelathini kutoka barabarani upande wa mto. Ni wa mninga, alikuja nao kutoka Urambo, mpini umeungua kidogo upande mmoja. Fundi, au yeyote anayepita Silver Jack kabla ya theluji, tafadhali.

---

Fundi_wa_Nakuru
Oktoba 1, saa 12:15 asubuhi

Jumamosi nina gari ya mteja ya kujaribu springi. Nitapita huko.